Msiitoe Picha Nyumbani Mwake: Hotuba Kuhusu Mapambo Yenye Sura za Askari

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, hamjambo. Nashukuru kupewa nafasi hii. Kazi yangu ni usonara, na zaidi ya kutengeneza vitu vipya mimi hurekebisha vya kale, ndiyo maana nimeombwa nizungumzie mapambo ya zamani. Kwa kuwa wengi wetu sasa makazi yetu ni hapa Maryland na majimbo ya jirani, nimechagua mapambo yaliyovaliwa katika ardhi hii hii: pini za kifuani na vidani vya kufunguka vilivyobeba picha za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yalipoiasi serikali na kupigana na ya Kaskazini. Na nina ombi moja ambalo nitalirudia mpaka nishuke jukwaani: picha ikishakaa ndani ya pambo lake, msiitoe.

Kwanza mkione kitu chenyewe, maana wengi hamjapata kukishika. Ni pini ya duara dufu, upana wake sentimita tatu au nne. Ukingo ni shaba iliyochovywa dhahabu; dhahabu halisi ni nadra. Katikati pana kioo, na chini ya kioo anakutazama kijana wa miaka ishirini hivi, amevaa sare, hacheki. Mashavu yake yameguswa wekundu kidogo kwa brashi, na vifungo vya koti lake vimetiwa nukta za rangi ya dhahabu, nukta ndogo sana, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu. Sasa igeuze. Nyuma pana kioo cha pili, na chini yake nywele zilizosukwa au kupangwa zikafanya ua. Nyingine zimetiwa mhimili katikati ili kipande cha ndani kizunguke, mwenye pini achague mwenyewe kama leo sura itazame nje au itazame moyoni mwake.

Kabla ya kamera, mambo haya yalikuwa ya wachache. Sura ya mpendwa ilichorwa kwa rangi za maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, na mchoraji wa kazi hiyo alilipwa vizuri. Aliyevaa kifuani sura ya mume aliyekwenda vitani alikuwa mke wa ofisa, au mke wa tajiri. Na hapo pwani yetu inahusika, kwa sababu pembe nyingi iliyoingia Marekani katikati ya karne ya 19 ilipitia Unguja, baada ya kubebwa na wapagazi kutoka bara, kisha ikaenda Connecticut kukatwa vitana na vibonye vya piano. Vita vyenyewe pia vilifika kwetu. Merikani, ile nguo ya pamba iliyotumika kama fedha katika misafara ya bara, iliadimika Unguja miaka hiyo, maana viwanda vya Massachusetts vilikuwa havipati tena pamba ya Kusini. Nalitaja hili ili msidhani nawasimulia vita vya watu wasiotuhusu kabisa.

Kilichobadilisha yote ni picha ya bei rahisi. Mwaka 1839 Paris ilitangaziwa ufundi wa Louis Daguerre, picha juu ya shaba iliyopakwa fedha na kung'arishwa. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaonyesha namna ya kupiga picha kwa dawa ya kolodioni, na kutokana na dawa hiyo zikaja picha za kioo. Mwaka 1856 Hamilton Smith, mwalimu wa Ohio, akapata hataza ya picha ya bamba jembamba la chuma lililopakwa vanishi nyeusi. Hizi za mwisho tuziite picha za bati. Bati halivunjiki. Unalitia ndani ya barua na kulituma. Na jambo linalotuhusu sisi masonara: unalikata kwa mkasi likaenea ndani ya pini. Vita vikiendelea zikaja kamera za lenzi nyingi zilizopiga kwa mara moja sura nyingi ndogo zenye ukubwa wa stempu ya posta, tayari kwa vidani.

Wapiga picha walihamisha mahema yao wakafuata makambi. Askari wa kawaida wa Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi, na picha ndogo ilipatikana hata kwa senti 25. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima, ambaye hakuna aliyewahi kumchora tangu ukoo wake uanze, aliweza kumwachia mama yake sura.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wengi wa vitu vya kale hulikosea, na linaniuma. Wakiona askari na nywele, husema hapo hapo kwamba hiki ni kitu cha msiba. Ni kweli yapo mapambo ya msiba, na yana alama zake: enameli nyeusi, jiwe jeusi la jeti kutoka Whitby kule Uingereza, mpira mgumu mweusi kwa wasio na uwezo. Mtindo huo ulipata nguvu zaidi baada ya mume wa Malkia Victoria kufariki Desemba 1861, malkia akavaa nyeusi maisha yake yote yaliyobaki. Lakini pini nyingi za askari zilitengenezwa askari akiwa hai, juma lile la kuondoka. Nywele zilikatwa kichwani mwa mtu anayepumua, pengine anatania huku mkasi unapita. Zilikuwa ahadi. Walioahidi hawakurudi wote: hesabu ya zamani ilisema waliokufa ni kama 620,000, na watafiti wa karibuni wanakadiria kama 750,000. Pini ile ile, bila kubadilishwa hata kifungo, ikawa ya msiba siku barua ilipofika. Ndiyo maana huwezi kuitazama tu ukaijua. Inabidi ujue kilichoandikwa pembeni yake, kama kipo.

Maktaba ya Bunge la Marekani, pale Washington, ina mkusanyo uitwao Liljenquist. Tom Liljenquist ni mfanyabiashara wa vito, mtu wa kazi yetu. Yeye na wanawe walikusanya picha za askari wa vita hivi kwa miaka mingi, na mwaka 2010 wakaanza kuzikabidhi kwa maktaba ili ziwe za umma. Mnaweza kuzitazama bure kwenye tovuti ya maktaba. Humo mna binti mdogo aliyevaa gauni la msiba, mikononi ameshika picha ya baba yake, mpanda farasi mwenye upanga. Jina la binti halijulikani. La baba pia halijulikani. Ukiendelea kupekua utasoma neno hilo hilo chini ya picha baada ya picha: hajulikani, hajulikani, hajulikani.

Lakini humo humo mna kishungi cha nywele na karatasi iliyoandikwa na mama. Anasema mwanawe mpendwa Carl ameondolewa kwake tarehe 1 Aprili 1865, akiwa na miaka 18, ameuawa Dinwiddie. Tazameni tarehe hiyo. Siku nane baadaye jenerali Lee wa Kusini alisalimu amri pale Appomattox. Siku nane! Tunamjua Carl, tunajua umri wake na mahali alipoangukia, kwa sababu kipande cha karatasi hakikutenganishwa na nywele kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu mmoja tu katika vizazi vyote hivyo angesema "karatasi hii chafu ya nini," na Carl angeingia katika orodha ya wasiojulikana.

Niwape kisa kingine, na hiki nitakieleza taratibu. Kilitokea Gettysburg, si mbali na hapa, Julai 1863. Siku ya kwanza ya mapigano alikufa sajini mmoja wa jeshi la Kaskazini katika kiwanja kimoja mjini. Wakati ule askari hawakupewa kibati cha jina cha kuvaa shingoni. Hakuwa na barua wala karatasi yoyote ya kumtambulisha. Alichokuwa nacho mkononi ni picha ya kioo ya watoto watatu: mvulana, msichana, na mdogo wao ameketi kati. Aliitazama picha hiyo mpaka mwisho.

Picha ikaangukia mikononi mwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, na kutoka kwake ikafika kwa daktari wa Philadelphia, John Francis Bourns, aliyekuwa akienda kuwahudumia majeruhi. Bourns akaamua kuwatafuta wale watoto. Magazeti ya siku hizo hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha ya kamera, kwa hiyo tarehe 19 Oktoba 1863 gazeti la Philadelphia Inquirer liliieleza picha kwa maneno, kichwa cha habari kikiuliza alikuwa baba wa nani. Liliandika umri wa watoto kwa kukisia, namna walivyokaa, na jambo moja ambalo mwanamke mshonaji hawezi kulipita: shati la mvulana mkubwa lilishonwa kwa kitambaa kile kile cha gauni la dada yake.

Magazeti mengine yakanakili, moja la kanisa likafika kijiji cha Portville, jimbo la New York. Huko alikuwapo mama aitwaye Philinda Humiston, ambaye tangu Gettysburg hakuwa amepata habari za mumewe, na ambaye ndiye aliyempelekea picha ya watoto wao Frank, Alice na Fred. Akaandikiwa, akaletewa nakala ya picha, akajua kwamba ni mjane. Sajini yule asiye na jina akawa Amos Humiston wa kikosi cha 154 cha New York. Nakala za picha ziliuzwa, na fedha zikasaidia kufungua nyumba ya yatima wa askari pale Gettysburg mwaka 1866. Philinda na wanawe waliishi humo kwa muda.

Tuangalie kilichomrudishia mtu huyu jina lake. Sura yake haikusaidia kitu, alikuwa amekwisha kuzikwa. Kilichosaidia ni kitambaa, mpangilio wa watoto, mahali kioo kilipookotwa, na watu watatu wanne waliokipokezana bila kukitupa wala kusahau kimetoka wapi. Mkondo huo ungekatika popote, asingepatikana.

Sasa nije kwa askari ambao, nikikiri wazi, ndio hasa walionifanya nipende vitu hivi. Wanaume weusi wapatao 179,000 walitumikia jeshi la Kaskazini. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyezaliwa utumwani hapa Maryland, kaunti ya Talbot, aliwahimiza wajiandikishe. Wanawe Lewis na Charles waliingia kikosi cha 54 cha Massachusetts. Mwaka 1863 Douglass alisema kwamba mtu mweusi akishavaa zile herufi za shaba, U na S, yaani United States, akawa na ndege tai juu ya kifungo chake na bunduki begani, hakuna nguvu duniani itakayokana kwamba amestahili uraia. Mkumbuke zile nukta za dhahabu nilizowatajia mwanzo, juu ya vifungo vya koti. Katika picha ya askari mweusi nukta ile imewekwa juu ya tai aliyesemwa na Douglass. Mpiga picha huenda aliiweka kwa mazoea tu. Aliyekuwa akitazamwa na kamera alijua maana yake.

Katika mkusanyo ule ule wa maktaba mna picha iliyopatikana hapa Maryland, kaunti ya Cecil. Askari mweusi wa Kaskazini amekaa na mke wake na binti zao wawili. Wasichana wamevaa makoti yanayofanana na kofia zinazofanana. Hiyo ni familia iliyojiandaa. Mama amehangaika usiku na sindano au amehangaika na fedha, au vyote viwili. Na mjue hali ya jimbo hili wakati huo. Tangazo la rais Lincoln la Januari 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuhusu Maryland, kwa sababu halikuwa jimbo lililoasi. Utumwa ulikoma hapa tarehe 1 Novemba 1864, kwa katiba mpya ya jimbo. Askari mweusi mwenyewe, hadi Juni 1864, alilipwa dola 10 na kukatwa dola 3 za nguo, wakati mwenzake mweupe akichukua 13 kamili. Katika fedha hiyo akatoa ya picha.

Na picha hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko kupendeza. Askari akifa, mjane wake alitakiwa athibitishe kwamba walioana ndipo apewe pensheni. Lakini mtumwa hakupewa cheti cha ndoa. Mbele ya sheria ndoa yake haikuwapo. Sheria ya mwaka 1864 ikaanza kuwaruhusu wajane hawa wathibitishe kwa njia ya ushahidi kwamba waliishi na marehemu kama mume na mke. Wakaleta majirani, wakaleta wakunga waliowazalisha, wakaleta walichonacho. Mafaili hayo yamehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Washington, na baadhi yake yana picha zilizoletwa na familia kama ushahidi. Fikirieni mama anayekabidhi kwa karani picha ya pekee ya mume wake, aifunge kwenye faili, asirudishiwe.

Kwa hiyo mtu akiniletea kidani chenye sura ya askari mweusi na kuniambia "nitolee hiyo picha, nataka kutia ya mwanangu," mimi nakataa kazi. Nakataa kwa heshima, namweleza, namuuzia kidani kingine kwa bei nafuu. Na wapo wanaofanya kibaya zaidi: wanang'oa picha waiuze peke yake, nywele wanatupa, ukingo kama ni wa dhahabu unaingia kwenye tanuri. Kitu kimoja kilichokaa pamoja tangu enzi za Lincoln kinakuwa gramu kadhaa za dhahabu na picha ya mtu asiyejulikana.

Kinyume chake pia kipo. Picha ya askari ina bei kuliko picha ya raia, basi mjanja huchukua pini ya kale ya kawaida akapachika askari ndani yake. Kuna namna ya kutambua, na hili nitawaonyesha vizuri mezani. Picha halisi ya bati ni ya chuma, hivyo sumaku dhaifu huivuta. Msiisugue, isogezeni karibu tu. Picha ya bati pia hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo herufi za bizimu la mkanda zisomeke kinyume, S ikitangulia U. Zikisomeka sawasawa, jiulizeni kama ni nakala iliyochapwa jana. Tazameni ukingo wa picha: iliyokaa muda mrefu chini ya fremu yake huwa imeacha alama ya umbo lile lile, na alama isipolingana na fremu, picha ni mgeni humo. Kisha geuzeni pini. Kifungio cha enzi hizo ni ndoano wazi isiyo na kufuli, na sindano mara nyingi hupita ukingo wa pini, ili ishike nguo nzito. Kwa zile picha zilizobandikwa kwenye kadi au zilizomo kwenye vijaluba vyake, angalieni mgongoni kama pana stempu ya kodi. Kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866 serikali ilitoza kodi kila picha, senti 2 kwa picha isiyozidi senti 25. Stempu hiyo inakupa tarehe kuliko mdomo wa muuzaji yeyote.

Kuhusu kutunza, sina mengi. Msisafishe uso wa picha, hata kwa kitambaa kikavu. Spiriti huyeyusha kolodioni, na sura huondoka yote, hairudi. Maji hutia kutu bamba. Pini isiende bafuni wala jikoni. Kama kioo kimelegea, mletee fundi, na mwambie asifungue zaidi ya alipolegea. Pigeni picha mbele na nyuma kwa simu, na kama mnajua lolote, hata dogo, kwamba kilinunuliwa kwenye mnada wa nyumba ya mtaa fulani, au bibi aliyewauzia alisema ni mjomba wa mama yake, liandikeni kwa penseli kwenye karatasi safi na karatasi ikae na pini ndani ya kisanduku kimoja. Msiandike juu ya kitu chenyewe.

Basi, ndugu zangu, meza ile pale ina taa, sumaku na kioo cha kukuzia. Naona akina mama watatu au wanne wamekuja na vitu vyao ndani ya leso. Naombeni msivifungue huko kwenye viti. Njooni navyo kama vilivyo, na mwenye karatasi au bahasha iliyokuja na kitu chake aje nayo pia. Tuanze na mama aliyekaa karibu na mlango.